Tuta Lisilovunjwa

Jumanne, 10 Februari

Padre Yusto ametuagiza makatekista wote wa parokia tuwe na daftari Kwaresima hii, na kila siku tuandike sentensi moja ya kujichunguza. Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyefundisha dini miaka kumi na tisa hawezi kujichunguza kwa sentensi moja. Wenzangu wa Mollo na Pito waliitikia tu, nami nikaitikia. Nimechukua daftari la mahudhurio lililobaki na kurasa nyingi, nikaandika juu ya jalada kama mwanafunzi: Zenon, katekista.

Mwaka huu nina wakatekumeni watano, wote watu wazima, wa kubatizwa mkesha wa Pasaka. Mkubwa wao ni mzee Bundala, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Amesoma miaka mitatu bila kuchoka, na Kanuni ya Imani anaisema vizuri kuliko mwenyekiti wa kigango chetu, tawi hili la parokia. Najivunia mzee huyu. Mvua imeanza saa nane mchana na bado inaendelea.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Mke wangu Margareth amenikumbusha kwamba bati la jikoni linavuja. Nimemwambia kesho.

Ijumaa, 13 Februari

Leo nimefundisha ubatizo wa Wakristo wa kwanza. Ni somo ninalolipenda, na nikiri nalipenda kwa sababu nikilifundisha naonekana msomi. Niliwaambia kwamba zamani zile mtu hakubatizwa kwa kuomba tu. Alisubiri miaka mitatu, akafunga, na Pasaka alfajiri akapelekwa kwenye maji yanayotiririka, amevua kila kitu, hata hereni. Aligeuzwa kutazama magharibi, jua linakozama, amkane Shetani kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akageuzwa mashariki aiungame imani. Alizamishwa mara tatu. Alipotoka alivikwa nguo nyeupe na kuivaa siku nane. Dhambi zake zote za nyuma zilibaki majini.

Mzee Bundala alinyoosha mkono. Huwa ananyoosha kama mtoto wa darasa la kwanza, nami huwa nafurahi. Akauliza, kama mtu ameiba ng'ombe, kisha akabatizwa, ng'ombe anakuwaje? Nikamjibu kwamba dhambi imefutwa.

"Dhambi nimeelewa, mwalimu," akasema. "Mimi nauliza ng'ombe."

Wenzake walicheka. Nilimwambia walimu wa kale walitaka mtu arudishe kwanza ndipo aingie majini, na yule aliyeingia huku ameficha jambo, walisema hakubatizwa moyo, amelowa tu. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Somo liliisha vizuri, lakini nilipofika nyumbani sikuwa na hamu ya kula.

Jumatatu, 16 Februari

Tumepalilia mahindi ya konde la mtoni. Margareth alifika kwenye lile tuta lililosimama peke yake katikati ya mahindi, akaegemea jembe na kuniuliza tena. Huku kwetu kila mtu hufukia majani kwenye matuta ya ntumba, msimu wa kwanza hupanda maharage juu yake, msimu unaofuata huyavunja yote na kuusambaza udongo apande ulezi. Mimi niliyavunja yote likabaki moja. Nimemjibu kama nilivyomjibu mwaka juzi, kwamba mna siafu. Akasema siafu gani hao wasiohama miaka miwili.

Sina la kuongeza leo.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Waislamu nao wameanza mfungo wiki hii hii, kwa hiyo mji mzima wa Sumbawanga una njaa, alisema dereva mmoja wa bodaboda. Padre alikuwa parokiani, mimi nikapaka majivu hapa kigangoni. Bertilla alikuwa wa kwanza kwenye mstari, na fimbo yake. Ni mjane wa Clemens, mtoto wa baba yangu mkubwa. Zamani aliniita shemeji. Tangu aliporudi kutoka Katandala, kule mjini, alikokuwa akiuguza mguu, ananiita Mwalimu. Alifumba macho. Majivu yakamdondokea puani, nikayafuta kwa haraka kama vile nimepaka kitu nisichoruhusiwa kugusa.

Ijumaa, 20 Februari

Leo niliwaeleza jinsi watu walivyohojiwa zamani kabla ya kuteuliwa kwa ubatizo. Hawakuulizwa sala. Aliitwa yule aliyemleta mtu, akaulizwa mwenzako ameishi vipi. Amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Shahidi akisema ndiyo, jina linaandikwa. Akisita, mtu anarudi kusubiri. Nilipotamka wajane niliyatazama makaratasi yangu, ingawa somo lile nalijua kwa kichwa.

Wenzake walipoondoka, mzee Bundala alibaki akizungusha kofia yake mikononi. Alisema yeye kwenye wajane ana neno.

"Lile jiwe la mpaka, mwalimu. Ulinituma niling'oe, nikaling'oa. Ulisema marehemu alikupa konde. Lakini mama Bertilla sijawahi kumsikia akisema hivyo. Kabla sijaingia majini nataka niende nimwambie lilipo."

Nilimwambia angoje, nitakwenda mimi kwanza. Akakubali papo hapo. Alisema kwamba mimi ndiye mwalimu, na anayejua taratibu ni mimi.

Sasa niandike, maana daftari hili nalo nikilidanganya sitakuwa na pengine pa kusemea. Miaka mitatu iliyopita, Bertilla alipokuwa Katandala kwa binti yake Salome, konde lake la mtoni lilikuwa limepumzika, majani yamefika kifuani, udongo mweusi tii. Linapakana na langu. Nilijiambia ardhi inakaa bure, nikaingia na jembe. Huku kwetu aliyefukia majani ndiye atakayepanda, na akishapanda misimu miwili watu husahau lilikuwa la nani. Bundala alikuwa ndiyo kwanza ameanza mafundisho, akaja kunisaidia kwa heshima tu, mwanafunzi kwa mwalimu wake. Nilimwonyesha jiwe la mpaka, akaling'oa, akaniuliza aliweke wapi. Nikamwonyesha majani tuliyokuwa tunayafukia. Tukalifunika humo, na juu yake nikapanda maharage.

Wazee walipoitisha kikao niliwaambia Clemens alinikabidhi konde siku nilipompelekea Komunyo kitandani. Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Nani atamwuliza katekista swali la pili kuhusu Komunyo? Msimu wa kuvunja matuta ulipofika nilivunja yote isipokuwa hilo, kwa kuogopa Margareth asije akaona jiwe. Ningeweza kulihamisha, lakini kila nilipolikaribia niliona kama kuna mtu anapita njiani.

Nimeandika, na sijisikii nafuu yoyote.

Jumamosi, 21 Februari

Mvua kutwa. Sikwenda kwa Bertilla.

Jumapili, 22 Februari

Padre Yusto alikuja kwa ajili ya uteuzi. Siku hii wakatekumeni huitwa kwa majina mbele ya watu, na katekista hutoa ushuhuda wake. Usiku uliopita nilikuwa nimeshaamua la kufanya, ingawa nilijifanya bado nafikiri.

Kabla ya Misa nilimwambia padre kwamba mzee Bundala bado hajawa tayari. Nilisema anakosa vipindi kwa sababu ya ng'ombe. Padre alishangaa, akauliza si ndiye anayezijua sala zote? Nikamjibu kwamba kujua sala siyo kuongoka. Nililisema jibu hilo kwa sauti ya upole, ile ninayoitumia msibani. Padre akakata jina kwa kalamu yake. Ananiamini, nami nilijua ananiamini.

Majina yalisomwa kwa kufuata umri. Bundala alikuwa amevaa koti jipya la kahawia, na alijua anayeanza ni yeye, kwa hiyo padre alipofungua kinywa yule mzee alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Likasomwa jina la mwingine. Akabaki ameinama nusu, mkono kwenye benchi, kisha akakaa taratibu. Padre aliniuliza kama hawa wanne wanastahili. Nikasema wanastahili.

Baadaye alinifuata chini ya paa la nyuma. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nimekosa wapi, mwalimu?"

Nikamwambia hata zamani mtu alisubirishwa mpaka awe tayari. Akafikiri, akauliza kama ni kwa sababu ya lile jiwe. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo, nikamwachia mzee yule dhambi yangu aibebe, naye akaipokea kama mtu anayepokea kazi. Akasema basi atangoja.

Naona haya hata mbele ya karatasi.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeziba bati la jikoni. Margareth amenisifu, nikamkaripia bila sababu.

Ijumaa, 27 Februari

Nilidhani hatakuja tena darasani. Amekuja, amekaa mahali pake pale pale.

Somo la leo lilikuwa toba. Niliwaambia Wakristo wa kwanza walishtuka walipoona watu waliobatizwa wanarudia dhambi nzito, maana hakuna kubatizwa mara mbili. Ndipo wakafundisha kwamba mlango wa pili upo, lakini ni mwembamba. Mtu alikiri, akavaa gunia, akasimama nje ya mlango wa kanisa na majivu kichwani, akiwaomba wanaoingia wamwombee. Hakupokea Komunyo. Wengine walikaa hivyo miaka. Waliuita ubatizo wa machozi, kwa sababu ule wa kwanza unapewa bure na huu unaufanyia kazi.

Bundala alinyoosha mkono akauliza, je, yule mtu nje ya mlango watu walimcheka? Nikasema baadhi walimcheka. Akauliza kama waliokuwa ndani wote walikuwa safi. Nikasema muda umekwisha.

Jumapili, 1 Machi

Mzee Bundala hakuingia kanisani. Alisimama nje ya mlango tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, kofia mkononi. Mvua ilikuwa nyepesi. Watu walimsukuma aingie, akasema hapana, yuko mahali pake. Nilihubiri dakika kumi, wakati huwa nahubiri nusu saa.

Alhamisi, 5 Machi

Ukungu mpaka saa nne. Mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Jumapili, 8 Machi

Leo mvua ilikuwa ya kumwagika. Nimesimama mbele, na kila nilipoinua macho nilimwona mlangoni, koti la kahawia limegeuka jeusi kwa maji. Watu walinung'unika. Mwenyekiti alitoka kumwita, akarudi peke yake.

Kisha Bertilla alinyanyuka kutoka benchi la mbele. Alipita katikati kwa fimbo yake, taratibu, sote tukimsikia kila hatua, akatoka na kusimama kando ya yule mzee. Akafungua mwavuli ukawafunika wote wawili. Wamesimama hivyo mpaka baraka, mjane niliyemwibia na mzee niliyemtuma kuiba, na mimi niko ndani, mkavu, nimevaa kanzu.

Sijawahi kujichukia hivi.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda mjini kufanya mambo mawili. La kwanza, kuungama kwa padre asiyenijua. Nilipanga foleni saa nzima. Nilipofika mbele yake nilitaja hasira, kukosa sala, na kutamani mali ya jirani. Kutamani! Konde nimelima, nimevuna, nimekula, kisha nikamwambia padre nimetamani. Akanipa malipizi ya sala chache na kuniondolea kile nilichotaja. Nilitoka nje nikijua kabisa kwamba sikuwa nimeungama chochote, na juu ya wizi nimeongeza kuichezea Sakramenti.

La pili lilikuwa kununua vitambaa vyeupe vya ubatizo. Nilikwenda Katandala kwa Zubery, ambaye ametuuzia vitambaa hivyo tangu enzi za baba yake. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka, lakini mcheshi kama siku zote. Aliniuliza vipande vitano kama nilivyomwagiza Januari? Nikasema vinne. Akauliza wa tano amefanya nini. Nikasema bado hajatubu.

Nikamwuliza, kama vile natafuta mfano wa kufundishia, kwao toba ikoje. Alijibu huku anapima kitambaa, hata hakuniangalia. Alisema ya kati yako na Mungu unamwomba Mungu, na Mungu ni mwingi wa rehema. Ila haki ya mja ni ya mja. Usipomrudishia, hata ulie mpaka macho yapasuke, atakudai siku ambayo huna cha kumpa. Kisha akakata kitambaa cha tano na kukikunja pamoja na vingine.

"Chukua, mwalimu. Watu huwa wanaongezeka."

Nimekiweka cha tano chini ya godoro. Margareth amekiona, hakuuliza.

Jumanne, 17 Machi

Nimekwenda mpaka uani kwa Bertilla. Alikuwa anapepeta maharage. Aliniuliza, "Una shida, Mwalimu?" Nikasema napita tu.

Ijumaa, 20 Machi

Darasani nimesema naumwa kichwa, nikawaachia wasali rozari. Huko mjini watu wanasherehekea Idi. Nimekaa kwenye lile tuta. Hakuna siafu.

Jumapili, 22 Machi

Padre hakuwepo, ibada ilikuwa yangu. Nje Bundala alisimama, na Bertilla kando yake kama Jumapili zote tangu ile ya mvua. Nilisoma masomo. Nilipofika mahali pa mahubiri nilikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa vizuri, kuhusu uvumilivu. Nilizikunja.

Niliwaomba wawili wale walio nje waingie kidogo, kwa sababu nina neno linalowahusu. Bundala alisita mlangoni. Nikamwambia, "Ingia, mzee. Hapo ulipo ni mahali pangu."

Basi nikasema. Sikusema vizuri. Mimi niliyezoea kupanga hoja zangu moja mbili tatu, nilianza na jiwe, nikarudi kwenye majani, nikaruka kwenye kikao cha wazee. Nilisema konde la mtoni ni la Bertilla na nililichukua alipokuwa mgonjwa. Nilisema mzee Bundala alinisaidia bila kujua, na alipojua akataka kusema, ndiyo maana nikamnyima ubatizo, wala hana kosa jingine. Nilisema nimelidanganya baraza la wazee. Margareth alikuwa upande wa akina mama, ameuinamisha uso wake kwenye khanga. Sikuwa nimemwambia. Hilo nalo ni kosa, nilimwacha asikie pamoja na watu.

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani pia, nikiri, kwamba mtu atalia, au mwenyekiti ataanzisha wimbo. Bertilla alikuwa bado amesimama katikati.

"Zenon," akasema. Siyo shemeji, siyo Mwalimu. "Ulisema Clemens alikupa konde siku ulipomletea Komunyo. Siku ile Clemens alikuwa na siku tatu hawezi kutamka neno. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo ili umpe."

Nilikuwa nimesahau. Niliutia uongo mdomoni mwa maiti, na nikasahau kwamba mke wake alikuwa ameushika mdomo huo. Nikasema ni kweli. Mtu mmoja nyuma akamwuliza Bertilla kwa nini miaka yote hii hakusema.

"Ningemwambia nani?" akajibu. "Mlikuwa mnamwita Mwalimu."

Nikavua kanzu, nikaiweka juu ya benchi. Mwenyekiti ndiye aliyemalizia sala.

Jumatatu, 23 Machi

Padre Yusto amekuja na pikipiki, matope mpaka magotini. Hakukaa. Kuhusu konde alisema wazee watalimaliza. Yaliyomkasirisha ni uongo kuhusu Komunyo na jina la Bundala. Alisema nilimfungia mtu mlango wa ubatizo ili mimi nisionekane, na kwamba yeye mwenyewe alilikata jina lile kwa mkono wake kwa sababu ya kuniamini. Timoth, katekista wa Pito, atamaliza masomo. Mimi sitafundisha tena mpaka atakaponiambia, na huenda asiniambie.

Niliungama kwake, safari hii kwa maneno yenyewe. Kisha nikamwomba ruhusa nisimame nje ya mlango Jumapili zilizobaki, kama watubu wa zamani.

"Hapana," akasema. "Nje utaonekana mtakatifu. Utaingia ndani, ukae watu wakuone."

Alhamisi, 26 Machi

Wazee wamekaa. Konde ni la Bertilla pamoja na mahindi yaliyomo. Jiwe litarudishwa Jumatatu ya Pasaka, mbele ya watu. Margareth hajazungumza nami tangu Jumapili ila kunitajia chakula.

Jumapili, 29 Machi

Dominika ya Matawi. Nilikaa benchi la nyuma, upande wangu pakabaki nafasi ya watu watatu ambayo hakuna aliyeitaka. Padre aliwaita wakatekumeni tena, watano. Kisha akasema katika Kanisa la kale jina halikuandikwa bila shahidi, na mzee huyu shahidi wake yumo humu ndani. Akaniita nisimame. Akaniuliza mbele ya watu wote, huyu ameishi vipi?

Nilimgeukia mzee Bundala.

"Amewaheshimu wajane kuliko mimi," nikasema. "Aandikwe."

Bundala alisimama. Safari hii hakukaa tena mpaka jina lake lilipokuwa limeandikwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Bundala amebatizwa. Kanisani hatuna maji yanayotiririka, tuna beseni kubwa la bati, akainama juu yake mara tatu, na maji yakamwingia sikioni akacheka kwa sauti, mzee mzima. Nilifundisha kuhusu hilo kila mwaka na sikujua ni kitu cha kuchekesha. Timoth alileta vitambaa vinne. Margareth alinyanyuka na cha tano, alichokitoa chini ya godoro bila kuniambia, akampa Bertilla, ambaye Bundala alikuwa amemwomba awe msimamizi wake. Bertilla ndiye aliyemvika.

Mimi sikupokea Komunyo. Nililia, na nilifurahi kwa ajili yake, na furaha hiyo nayo iliniaibisha, kwa sababu nusu yake ilikuwa nafuu yangu mwenyewe.

Jumatatu, 6 Aprili

Tumekwenda kondeni saa nne. Wazee, Bertilla kwenye kigoda, Margareth, na Bundala amevaa nguo yake nyeupe. Nilimpa jembe la pili anisaidie kama siku ile. Akakataa. Alisema nguo hii ni ya siku nane, mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo.

"Mwaka ule nilikusaidia kulificha," akasema. "Leo fukua, mimi nitasimama hapa na wewe."

Nikaanza kuvunja tuta. Bertilla akaniambia, bila ukali, kwamba tangu aliporudi kutoka Katandala alikuwa akiliona kila akienda mtoni. Hakuna mtu wa Ufipa anayeacha ntumba moja bila sababu, alisema, na siku ya kwanza tu alipoliona alijua jiwe lake lilipo. Nilimwuliza kwa nini hakulifukua. Akasema, "Nilikuwa nangoja ulivunje mwenyewe." Miaka miwili mama huyu alipita pale, akaniona napalilia kulizunguka, akaja kanisani kunisikiliza.

Mvua ilianza. Hakuna aliyeondoka. Udongo wa ndani ulikuwa mlaini na mweusi kuliko wote kondeni, majani yameoza vizuri. Jiwe lilitoka likiwa na mizizi ya majani imelishika. Nililibeba kifuani, nikapita katikati ya mahindi mpaka mpakani, nikaliweka chini.

Bertilla alinyanyua fimbo. "Mbele," akasema.

Nikalisogeza hatua moja. Akasema mbele. Nikasogeza tena. Wazee walikuwa wanatazama chini, Bundala alikuwa ananitazama mimi. Mbele, akasema, na mbele tena, mpaka nilipokanyaga shimo lenyewe, bado lipo, limejaa majani na maji, na jiwe likaingia humo bila kusukumwa.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nimekaa jikoni, chini ya lile bati, nikijaribu kukumbuka kama nilikuwa nimesahau mahali pa jiwe au nilijua. Nimejiuliza kwa uaminifu wote nilio nao, na sijui.

Padre Yusto aliomba sentensi moja. Ni hii: nilipolirudisha jiwe, mbele ya watu wote, mara ya kwanza nililiweka hatua nne ndani ya konde la Bertilla.